Johan Vilhelm Snellman (1806–1881): Lugha, Gazeti na Dola katika Maisha ya Mwanazuoni wa Ufini

Ikisiri

Makala haya yanaeleza maisha ya Johan Vilhelm Snellman, mwanafalsafa, mhariri wa magazeti na seneta wa Ufini, aliyekuwa mstari wa mbele katika madai ya kukipa Kifini hadhi ya lugha ya elimu na utawala. Swali linaloongoza makala ni namna fikra moja kuhusu lugha, taifa na dola ilivyoziunganisha kazi zake tatu, na ni wapi fikra hiyo ilipofikia kikomo chake. Inajengwa hoja kwamba Snellman alilitazama taifa kama kitu kinachokua katika muda mrefu, kupita umri wa kizazi kimoja. Mtazamo huo ulimpa uvumilivu wa kuipigania lugha kwa takriban miaka 20. Mtazamo huohuo ulimfanya achelewe kuitikia dhiki ya watu wa kizazi chake, wakati wa njaa kuu ya miaka ya 1866 hadi 1868. Kwa hiyo mafanikio yake na kosa lake havifai kusomwa kama sura mbili zisizohusiana.

1.0 Utangulizi

Katika historia ya lugha zilizowahi kuhesabiwa kuwa za wakulima na watumishi tu, Kifini ni miongoni mwa zile zilizopanda daraja kwa kasi. Mwanzoni mwa karne ya 19 hapakuwa na shule ya sekondari iliyofundisha kwa Kifini, wala mahakama iliyoandika hukumu zake kwa lugha hiyo. Karne ilipokwisha, Kifini kilikuwa lugha ya shule, ya magazeti, ya tasnifu za chuo kikuu na ya ofisi za serikali. Badiliko hilo lilikuwa na wachangiaji wengi, wakiwamo wakusanyaji wa fasihi simulizi, makasisi, walimu na wakulima wenyewe. Hata hivyo, aliyelipa madai hayo nadharia, akayapeleka gazetini na hatimaye akayafikisha mezani pa mtawala ni Snellman.

Wasifu wake huelezwa mara nyingi kwa kugawanywa: falsafa kwa wanafalsafa, magazeti kwa wanahistoria wa habari, sarafu na njaa kwa wanauchumi. Mgawanyo huo unarahisisha kazi ya mtafiti, lakini unaficha jambo la msingi. Snellman mwenyewe hakuona mpaka kati ya kazi hizo. Makala haya yanafuata mtiririko wa maisha yake, yakikaa kwa kirefu zaidi pale fikra na tendo vilipokutana.

2.0 Usuli: Nchi Moja, Lugha Mbili

Kwa karne nyingi Ufini ilikuwa sehemu ya ufalme wa Uswidi. Baada ya vita vya 1808 na 1809 iliangukia mikononi mwa Urusi, lakini haikufanywa jimbo la kawaida. Kaisari Alexander I aliiacha na sheria zake za zamani, dini yake ya Kilutheri na utawala wake wa ndani, chini ya chombo kilichokuja kuitwa Seneti. Bunge la matabaka manne, yaani makabaila, makasisi, watu wa miji na wakulima, lilikutana Porvoo mwaka 1809, kisha halikuitishwa tena hadi 1863.

Bendera ilibadilika, lakini lugha ya utawala haikubadilika. Kiswidi kiliendelea kuwa lugha ya ofisi, mahakama, shule na chuo kikuu, ilhali zaidi ya watu wanane kati ya kila kumi walizungumza Kifini. Mkulima aliyeshtakiwa alihukumiwa kwa lugha asiyoijua, na mtoto wake aliyetaka elimu ya juu alilazimika kuiacha lugha ya nyumbani mlangoni mwa shule. Ikumbukwe kwamba Wafini wenye elimu hawakuwa wageni nchini. Wengi walizaliwa humohumo. Kilichowatenga na wenzao ni lugha, na utengano huo ndio Snellman aliouita udhaifu mkuu wa nchi.

3.0 Malezi na Mgogoro wa Chuo Kikuu

Snellman alizaliwa Stockholm tarehe 12 Mei 1806. Baba yake alikuwa nahodha wa meli mwenye asili ya pwani ya magharibi ya Ufini, na mwaka 1813 familia ilihamia Kokkola. Mwaka uliofuata mama yake alifariki. Kijana huyo alisoma Oulu, kisha mwaka 1822 akaingia Chuo Kikuu cha Turku. Katika mwaka huohuo walijiunga wanafunzi wengine wawili waliokuja kuwa nguzo za utamaduni wa Ufini: Elias Lönnrot, mkusanyaji na mtungaji wa utenzi wa Kalevala, na mshairi Johan Ludvig Runeberg.

Mwaka 1827 moto mkubwa uliteketeza mji wa Turku, na mwaka 1828 chuo kikaanza upya Helsinki. Huko Snellman na wenzake waliunda duara la mijadala lililojulikana kama Jumuiya ya Jumamosi. Mwaka 1835 alipata nafasi ya uhadhiri katika falsafa, akiwa mfuasi wa Hegel.

Mgogoro wake na mamlaka ulianza mwaka 1837, alipotangaza mihadhara kuhusu maana halisi ya uhuru wa kitaaluma. Wakati huo Kaisari Nicholas I alitawala kwa mkono mzito, na uongozi wa chuo uliizuia mihadhara hiyo. Snellman hakukubali kuinamisha kichwa. Shauri likafika mahakamani, naye akaishia kusimamishwa kazi. Mwaka 1839 aliondoka nchini, akaishi Uswidi na Ujerumani hadi 1842.

Tukio hilo lina uzito kuliko linavyoonekana. Snellman hakuwa mwanamapinduzi. Alikuwa mtetezi wa sheria na utaratibu maisha yake yote. Alichodai ni kwamba utii wenye thamani ni ule wa mtu aliyeelewa na kukubali kwa akili yake. Chuo kinachomkataza mwanafunzi kufikiri, kwa mtazamo huo, kinaidhoofisha dola inayojidai kuilinda.

4.0 Falsafa: Mtu, Taifa na Dola

Miaka ya ugenini ndiyo iliyozaa vitabu vyake vikuu. Mwaka 1841, huko Tübingen, alichapisha kwa Kijerumani kitabu kuhusu wazo la nafsi ya mtu. Mwaka 1842, Stockholm, alitoa kwa Kiswidi kitabu chake mashuhuri zaidi, Läran om staten, yaani 'Nadharia ya Dola'.

Kutoka kwa Hegel alichukua mpangilio wa ngazi tatu: familia, jamii ya raia na dola. Katika jamii ya raia mtu hutii sheria kwa sababu imewekwa. Katika dola, kwa maana ya juu ya neno hilo, mtu hutenda kwa kuipenda nchi yake, na huweza hata kuibadilisha sheria kwa manufaa ya wote. Hapa ndipo Snellman alipoongeza mchango wake. Dola haina uhai isipokuwa ndani yake mna taifa, na taifa ni watu wanaofikiri pamoja. Kufikiri pamoja kunahitaji lugha ya pamoja. Lugha, kwa hiyo, si chombo tu cha kubebea mawazo yaliyokwisha kupikwa kwingine. Ndimo mawazo yenyewe yanamoumbwa.

Dhana iliyounganisha haya yote ni ile ambayo Waswidi huiita bildning na Wafini sivistys. Maana yake ni pana kuliko elimu ya darasani. Ni malezi ya akili na utu, ambayo mtu huyapokea kutoka kwa waliotangulia, akayafanya yake, kisha akayaongeza. Taifa dogo lililokaa kati ya mataifa makubwa haliwezi kujiokoa kwa silaha, alisema Snellman. Kinga yake ni malezi hayo. Na kama malezi hayo yanapatikana kwa lugha ya wachache tu, basi walio wengi wamefungiwa nje ya taifa lao wenyewe.

5.0 Mhariri wa Kuopio

Aliporejea nyumbani hakupata nafasi chuoni. Mwaka 1843 alikubali kuwa mkuu wa shule katika mji mdogo wa Kuopio, mashariki mwa nchi, mbali na Helsinki. Mtu mwingine angehesabu hatua hiyo kuwa ni kufukiwa akiwa hai. Snellman aliitumia kuanzisha magazeti mawili mwaka 1844. La kwanza, Maamiehen Ystävä, yaani 'Rafiki wa Mkulima', liliandikwa kwa Kifini kwa ajili ya wakulima. La pili, Saima, lililopewa jina la ziwa kubwa la eneo hilo, liliandikwa kwa Kiswidi.

Mtafiti anayeikuta habari hii kwa mara ya kwanza huweza kushangaa: vipi mtetezi mkuu wa Kifini aliandika utetezi wake kwa Kiswidi? Jibu liko katika hadhira. Mkulima hakuhitaji kushawishiwa kwamba lugha yake ni lugha. Waliohitaji kushawishiwa ni makasisi, mahakimu, walimu na maofisa, na hao walisoma Kiswidi. Saima liliwaambia kwamba mustakabali wao uko katika kujifunza lugha ya walio wengi, kuwasomesha watoto wao kwa lugha hiyo, na kuifanya lugha ya shule na ofisi. Wasipofanya hivyo, watabaki tabaka linaloelea, lisilo na mizizi chini wala tegemeo juu.

Hoja hiyo haikumwacha yeyote salama, hata marafiki. Snellman alishikilia kwamba maandishi ya Wafini kwa Kiswidi, yawe bora namna gani, hayawezi kuwa fasihi ya taifa, kwa kuwa taifa lenyewe haliwezi kuyasoma. Katika nchi ambayo Runeberg aliheshimiwa kuliko mshairi yeyote, kauli hiyo ilikuwa chungu. Snellman mwenyewe alikuwa ndani ya hukumu yake: Kiswidi kilikuwa lugha yake ya kwanza, na karibu kazi zake zote nzito ziliandikwa kwa lugha hiyo. Alikuwa kama mjenzi wa daraja ambaye hatalivuka.

Mwishoni mwa mwaka 1846 mamlaka zililifunga Saima. Kufikia hapo, hata hivyo, suala la lugha lilikuwa limekwisha kuwa suala la siasa, na halikuweza tena kurudishwa katika kabati la wanaisimu.

6.0 Miaka ya Kufungwa Mdomo

Mwaka 1847 Snellman alianza kuchapisha jarida la Litteraturblad, lililojishughulisha na fasihi na elimu ya raia. Lakini mapinduzi ya Ulaya ya 1848 yaliutia hofu utawala wa Nicholas I, na matumaini yake ya kupata uprofesa yalizimwa. Mwaka 1850 ilitolewa amri ya udhibiti iliyopiga marufuku kuchapisha kwa Kifini kitu chochote isipokuwa maandishi ya dini na ya uchumi. Mantiki ya amri hiyo ni fundisho tosha: watawala walimwogopa msomaji mkulima kuliko msomaji wa tabaka la juu. Mwaka 1852 kiti cha falsafa nacho kikafutwa chuoni.

Katika kipindi hicho Snellman, aliyekwisha kuhamia Helsinki pamoja na mkewe Johanna Lovisa Wennberg, aliyemwoa mwaka 1845, alijipatia riziki kwa kazi ya ukarani katika ofisi ya biashara. Mwandishi wa Nadharia ya Dola aliandika barua za wafanyabiashara.

Hata hivyo, mwaka huohuo wa 1850 ulioleta marufuku ulileta pia kuanzishwa kwa kiti cha uprofesa wa lugha ya Kifini katika Chuo Kikuu cha Helsinki. Utawala ulikubali Kifini kichunguzwe na wasomi huku ukikikataza kusomwa na umma. Snellman angeweza kusema kwamba hakuna mfano bora zaidi wa hoja yake: lugha inayochunguzwa bila kutumika haijapewa hadhi.

Nicholas alipofariki mwaka 1855, mambo yalilegea. Litteraturblad lilifufuka, na mwaka 1856 Snellman, akiwa na umri wa miaka 50, akateuliwa kuwa profesa. Mwaka 1857 mkewe alifariki, akimwachia watoto wadogo. Mwaka 1858 shule ya kwanza ya sekondari iliyofundisha kwa Kifini ilifunguliwa Jyväskylä, na katika mwaka huohuo tasnifu ya kwanza iliyoandikwa kwa Kifini ikawasilishwa katika Chuo Kikuu cha Helsinki. Kilichokuwa hoja ya gazeti kilianza kuwa desturi.

7.0 Seneta: Amri ya Lugha na Sarafu

Mwaka 1863 Wapolandi waliasi dhidi ya Urusi. Baadhi ya Wafini, hasa wale waliotazama Uswidi kwa matumaini, waliona dirisha limefunguka. Snellman aliandika katika Litteraturblad makala ya kuwaonya: vita vya mataifa makubwa vingeifanya Ufini uwanja wa mapigano, na amani ndiyo ingempa Mfini muda wa kujijenga. Wapinzani wake walimwona mnyenyekevu kwa Kaisari. Yeye aliona kwamba taifa lisilo bado na shule zake halina sababu ya kucheza kamari na kidogo lilichonacho.

Mwaka huohuo aliingia Seneti na kukabidhiwa mambo ya fedha. Kaisari Alexander II alipofika Ufini katika kiangazi cha 1863, Snellman alipata fursa ya kuliwasilisha suala la lugha kwake. Tarehe 1 Agosti, huko Hämeenlinna, Kaisari alitia saini amri iliyokipa Kifini haki sawa na Kiswidi katika mambo yote yanayowahusu wazungumzaji wa Kifini. Utekelezaji ulipewa muda wa mpito wa miaka 20, hadi mwisho wa 1883. Takriban miaka 20 ya uhariri ilikuwa imezaa matunda kwa njia ambayo Nadharia ya Dola isingeweza kuibashiri: uamuzi wa mtawala mmoja, nje ya Bunge.

Kazi yake ya pili ilihusu sarafu. Ufini ilikuwa imepata sarafu yake, markka, mwaka 1860, lakini thamani yake bado ilifungwa na noti za rubli zilizokuwa zikiyumba. Mwaka 1865 Snellman alifanikisha mageuzi yaliyoiweka markka juu ya msingi wa fedha halisi na kuitenga na noti za Kirusi. Kwa mtazamo wa dola, huo ulikuwa ushindi mkubwa. Kwa mtazamo wa mwenye deni, mageuzi hayo yalikuwa na bei: fedha ilikuwa adimu, mikopo ikawa migumu, na wafanyabiashara wengi wakabaki bila uwezo wa kuagiza bidhaa kwa wingi. Bei hiyo ililipwa mapema kuliko ilivyotarajiwa.

8.0 Njaa

Mavuno ya 1866 yalikuwa mabaya. Majira ya kuchipua ya 1867 yalichelewa kupita kiasi, maziwa yakiwa bado yamefunikwa na barafu wakati ambapo mbegu zilipaswa kuwa ardhini. Mapema mwezi wa Septemba baridi kali ya usiku iliunguza mashamba kabla ya mavuno.

Katika miezi ambayo nafaka ingeweza kununuliwa nje na kusafirishwa kwa bahari, Seneti ilisita. Snellman alihofia kwamba mkopo mkubwa ungeitikisa sarafu changa na kuharibu imani ya wakopeshaji. Alitumaini pia kwamba wafanyabiashara binafsi wangeleta nafaka, ingawa wengi wao walikuwa wamebanwa na uhaba uleule wa fedha. Zaidi ya hayo, aliamini kwamba msaada wa bure humvunja mtu moyo wa kujitegemea, na kwamba mwenye njaa apewe kazi kwanza. Baridi ya Septemba ilipoondoa shaka yote, mkopo ulitafutwa kwa haraka kutoka benki ya Rothschild ya Frankfurt, lakini majira ya baridi yalikuwa yakikaribia kuzifunga bandari kwa barafu.

Watu walichanganya unga na magome ya msonobari na kuvu za miambani. Maelfu waliacha nyumba zao wakaenda kuomba, na katika safari hizo homa ya matumbo na magonjwa mengine yakasambaa kutoka mji hadi mji. Wengi wa waliokufa waliuawa na maradhi zaidi ya tumbo tupu lenyewe. Katika nchi yenye watu wasiofika milioni 2, zaidi ya 100,000 walipotea; katika mwaka 1868 peke yake, takriban asilimia 8 ya watu wote walifariki. Waliokufa walikuwa kwa sehemu kubwa wazungumzaji maskini wa Kifini, wale ambao Snellman aliwaita kiini cha taifa.

Katika mwaka huohuo aliingia katika mvutano na Gavana Mkuu Nikolay Adlerberg kuhusu njia ya reli kutoka Riihimäki hadi Saint Petersburg, ambayo ujenzi wake ulitumika pia kuwapa kazi wenye njaa. Snellman alipinga namna ya kuigharimia. Alishindwa, na akaondoka Seneti mwaka 1868.

9.0 Tathmini na Hitimisho

Je, njaa ilikuwa kosa la Snellman? Hali ya hewa haikuwa yake, wala umaskini wa kilimo uliorithiwa kwa vizazi. Reli zilikuwa chache, na maarifa ya wakati huo kuhusu maradhi yalikuwa finyu. Lakini uamuzi wa kusubiri ulikuwa wake kwa kiasi kikubwa, na ulifanywa kwa kujua kwamba mavuno ya mwaka uliotangulia yalikuwa yamekwisha kushindwa. Mtafiti hawezi kuukwepa kwa kusema kwamba alikuwa mtu mwema. Wema wake ndio unaofanya suala liwe zito.

Makala haya yanapendekeza kwamba jibu litafutwe katika fikra yenyewe. Snellman alizoea kulipima taifa kwa karne. Kwa kipimo hicho, kufungwa kwa gazeti ni jambo la kupita, miaka ya ukarani ni ya kupita, na lugha itashinda mradi mtu avumilie. Kipimo hicho kilikuwa sahihi kwa lugha. Kwa nafaka hakikuwa sahihi, kwa sababu mwenye njaa hana karne. Ana wiki chache. Sarafu imara ni hazina ya vizazi vijavyo, lakini ililindwa kwa gharama ya kizazi kilichokuwapo. Mwanafalsafa aliyefundisha kwamba taifa ni watu wanaofikiri pamoja alisahau kwa msimu mmoja kwamba kabla ya kufikiri watu hula.

Hata hivyo, kazi yake ya lugha haikufutika. Kuanzia 1870 hadi 1874 aliongoza Jumuiya ya Fasihi ya Kifini, na akaendelea kuandika magazetini hadi uzeeni. Alifariki tarehe 4 Julai 1881 huko Kirkkonummi, miaka miwili kabla ya muda wa mpito wa amri ya 1863 kumalizika. Tarehe 12 Mei 1906, miaka 100 tangu azaliwe, familia kwa maelfu zilibadili majina yao ya ukoo ya Kiswidi na kuchukua ya Kifini, na siku hiyo ya kuzaliwa kwake huadhimishwa hadi leo kuwa siku ya utaifa wa Kifini. Sanamu yake, kazi ya mchongaji Emil Wikström, inasimama tangu 1923 mbele ya Benki Kuu ya Ufini mjini Helsinki.

Mahali pa sanamu hiyo panastahili kufikiriwa. Aliyeipigania lugha amewekwa mlangoni mwa nyumba ya fedha, palipo ushindi wake wa 1865 na chanzo cha kusita kwake mwaka 1867. Anayemsoma Snellman kwa haki hana budi kuyaweka yote mawili mbele yake: aliwapa walio wengi lugha ya kuisemea dola, na alipokuwa ndani ya dola hiyo hakuwasikia kwa wakati.